Mwalimu wa Nyayo na Mguu wa Doto

Mtu akikwambia Mwalimu wa Nyayo alikuwa mtu mwema, muulize kwanza kama aliwahi kufuatwa naye. Wengi wanaomsifu hawakufuatwa. Walimfuata wao, asubuhi, wameshiba mayai, wamevaa kofia, chupa ya maji ubavuni. Kuwa nyuma ya yule mzee ni jambo moja na kuwa mbele yake ni jambo jingine, na mimi hapa nasema kwa niaba ya waliokuwa mbele.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, tafuteni mtu mwingine awaambie. Mimi nitasema niliyoyaona na yaliyonichoma. Na kinachonichoma ni kitu kimoja, nakiweka wazi mapema msije mkasema nimewazungusha: siku ile mguu wa kaka yangu ulipoonekana kwenye vumbi, yule mzee aliujua au hakuujua? Miaka minne nimekula na swali hilo, nimelala nalo, nimeshuka nalo shimoni kwenye mgodi wa Geita. Na kijiji kizima kilimtenga kwa sababu yake.

Kwetu ni mashariki ya Mhunze, siku nzima kwa miguu, pale mashamba ya mtama yanapokwisha na pori linapoanza. Serikali ilikuja ikapanga mawe meupe ng'ambo hii ya mto, ikasema kuanzia hapa ni hifadhi. Mto ukaingia ndani ya hifadhi, sisi tukabaki nje na vibuyu vyetu. Baba yangu alitega pale, babu yangu alitega pale. Asubuhi moja tukaamka tumekuwa wezi.

Kila kiangazi, shule za watoto wa Kizungu zikifungwa, zilikuja familia. Malori yalitoka Geita kwenye dhahabu, mengine mgodi wa almasi upande wa Shinyanga, mengine Mwanza. Wanashusha mahema, vitanda vya kukunja, meza, hata beseni la kuogea mtoto. Na mambo yao yalikuwa na saa zake. Alfajiri, nyayo. Jua likipanda, wanakaa kivulini wanachora ndege. Mchana wanalala. Watu wazima, mchana kweupe, wanalala! Jioni wanaogelea kwenye lile bwawa la mto ambalo ng'ombe wetu walikatazwa kunywa, ati watalichafua. Halafu wanawasha moto, akina mama na akina baba na watoto wamekaa duara moja, wanachoma viazi na kuimba.

Mimi na Doto, kaka yangu, tuliijua kambi hiyo kuliko wao kwa sababu ndio tulioifyeka. Kila mwanzo wa kiangazi tulikata nyasi, tukachimba vyoo. Tukimaliza, Mwalimu anapuliza filimbi yake. "Asanteni. Sasa tokeni. Mpaka ni mpaka."

Mpaka ni mpaka. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alimwambia hata mama yangu, aliyekuwa anakwenda kuchota maji, mama yangu ambaye alimpa maziwa ya mgando mara ngapi sijui. Na yeye mwenyewe, kabla ya mawe meupe, alikuwa mwindaji, ng'ombe wake walikunywa mto uleule.

Jina la Mwalimu walimpa wale wageni. Sisi tulianza kulitumia kwa kejeli, likamganda. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakaribia kukata mtu, miguu myembamba kama ya korongo, fimbo ya mpingo. Bunduki hakubeba. Walimpa, akairudisha, akasema inamlemea. Na hakutembea bila mtoto mkono huu na mtoto mkono huu. Mamemsahibu walikuwa wanashika vifua: tazama anavyowapenda! Mimi nasema moyoni, wa kwetu mbona hujawahi kuwashika hata sikio? Nimekosea. Sikio aliwashika sana, akiwavuta kutoka mtoni.

Lakini kazi yake aliijua, na hili nalisema kwa uchungu. Nimesimama na panga langu nikamsikiliza akifundisha, nikasahau kufyeka. Hakuwaambia watoto kitu. Aliwauliza. Anachuchumaa, kichwa ameinua juu kama anayenusa, anasema, "Haya. Mnaona nini?"

"Simba!" mmoja anapiga kelele.

"Simba huyo ana kwato?"

"Ndiyo!"

"Basi mrudisheni kwa mama yake, ni mgonjwa."

Wanacheka mpaka wanaanguka. "Tazameni tena. Ncha inaelekea wapi? Mchanga umemwagika upande gani?" Wanamwambia moja moja, kwa Kiswahili chao cha jikoni, na yeye anajumlisha: pofu jike, ana mimba, amepita umande haujakauka, alisimama hapa akasikiliza. Wanakwenda mbele hatua mia mbili, pofu jike yule pale, tumbo limejaa. Wazazi wanapiga makofi.

Aliwafundisha kuhesabu kwa nyayo vilevile. Wanagusa kidole kimoja kimoja kwenye vumbi: moja, mbili, tatu, nne, tano! Wakaigeuza wimbo. Fisi ana vidole vinne, kila mtu anajua, lakini kwa wale watoto hata fisi alikwenda mpaka tano, kwa sababu wimbo ulikuwa unaishia tano. Mwalimu anacheka tu, anawaacha waimbe.

Unyayo mzuri waliuhifadhi. Walikuwa na unga mweupe, ule wa hospitali wa kufungia mfupa uliovunjika. Wanaukoroga na maji, wanaumimina kwenye unyayo, ukikauka wanaubandua, unapata mguu wa chui mezani. Walipanga meza nzima.

Mimi nilijifunza kusoma mwenyewe. Sikukaa darasani hata siku moja. Nilisoma maandishi ya makopo waliyotupa, magunia, gazeti lililofungia sabuni. Siku moja nimekaa kwenye jiwe na kipande cha gazeti, Mwalimu akapita na watoto wake wawili mikononi.

"Shija, unafanya nini?"

"Nasoma, mzee."

"Unasoma nini?"

"Maneno."

Akacheka. "Hayo yako yamekufa. Nyayo zangu bado zinatembea."

Watoto wakacheka naye hata kama hawakuelewa. Nilitaka kumtupia lile jiwe. Mpaka leo nikisoma kitu kizuri namsikia, na nakasirika upya.

Vioja vyake vilikuwa vingi. Nyama ya porini hakula, tangu alipovaa kaki. Ukimwambia Serikali haimwoni akila, anasema, "Mimi si nitajiona?" Aliweza kusimama simba akiwa karibu asitikisike, lakini mbwa aliogopa. Akikaribia mji wa mtu anasimama mbali anauliza, "Mbwa yuko wapi? Amefungwa?" Na mbwa amelala miguuni pake. Tulimcheka sana. Ukimtokea nyuma anakuita jina kabla hujasema neno, ukikohoa anasema kikohozi ni cha jana. Watu walisema ana dawa. Kwa mtu kama huyo, niambieni nyinyi, mguu wa jirani ni kitu cha kumpita?

Na mguu wa Doto haukuwa mguu wa kawaida. Doto alikuwa pacha. Mwenzake, Kulwa, alikufa wangali wachanga, lakini mama yetu aliendelea kuitwa Mama Kulwa mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyewafuata, ndiyo maana naitwa Shija. Doto alipokuwa mdogo funza walimla kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, kikaanguka. Vidole vinne. Kwetu tunajuana miguu. Ukikuta alama njiani unasema huyu ni fulani, amekwenda kwa shemeji yake. Mguu wa Doto hata mtoto wa kuchunga ndama aliujua.

Mwaka ule Mama Kulwa aliugua tumbo. Ugali hashiki, michembe ya viazi hashiki, maziwa anatapika. Siku ya tano akasema anataka supu ya swala. Si kwamba alikuwa na hila. Alikuwa mgonjwa, anakumbuka mambo ya mume wake. Usiku Doto akatoka. Alfajiri akarudi na swala begani.

Wiki hiyo Bwana Nyama, mkubwa wa Kizungu wa wanyama wote wa pori lile, alikuwa amekuja kambini kutazama familia zinavyofurahi. Watoto waliokwenda na Mwalimu asubuhi wakakuta waya umetegwa kichakani, manyoya, damu, na unyayo wa mtu. Haya yote nilisimuliwa baadaye na mpishi wa kambi, aliyekuwa amebeba kapu la chai nyuma yao. Anasema walifurahi kama waliokuta peremende. Unyayo wa mtu walikuwa hawajawahi kufuata. Wakaumiminia unga wao, wakauacha ukauke, wakaimba wimbo wao, halafu Bwana Nyama akasema, "Mwalimu, haya, twende."

Na akaenda. Akawaongoza. "Ana mzigo bega la kulia. Hapa amepumzika. Hapa amebadilisha bega." Na watoto wanajibu, wanakimbia mbele, wanarudi.

Mimi nilikuwa uani. Nilisikia filimbi kwanza. Nikaona kofia. Watu kumi na kitu, akina mama na vikapu, na mbele yao Mwalimu, ameshikwa mkono na kibinti cha nywele nyekundu, miaka sita hivi, kinamvuta kwa nguvu. "Hapa! Hapa! Ameingia hapa!" Kama vile wamekuta kiota cha ndege.

Doto akatoka ndani anafuta mikono.

Bwana Nyama akamwonyesha alama iliyokuwa mlangoni kwetu. "Weka mguu wako."

Doto akautazama, akauweka. Uliingia kama kisu kwenye ala yake.

"Chungu kile kina nini?"

"Supu, Bwana."

Akafunua. Kile kibinti kikaacha kurukaruka. Nadhani hapo ndipo kilipojua kwamba huo si mchezo tena, maana kilianza kulia. Na ndani mama akaita, sauti ndogo, "Doto, ni nani hao?"

"Wageni, mama."

Halafu Doto akamgeukia Mwalimu. Hakumtukana. Akamwambia, "Mzee, mimi unanijua."

Mwalimu hakuuelekeza uso wake kwetu. Alikuwa anatazama ghala la mtama, kana kwamba ghala ndilo lililosema. Kisha akasema, "Nyayo zimefika hapa. Mimi nasoma tu."

Nyayo zimefika hapa! Kama vile zilikuja zenyewe, bila mtu wa kuzileta!

Miezi sita gerezani Shinyanga. Mwezi wa tatu Mama Kulwa akafa. Mama wa mapacha hazikwi hivihivi, kuna mambo ambayo pacha anatakiwa afanye, na pacha alikuwa anapasua kokoto. Nikasimama mahali pake. Nilifanya kwa mikono yangu mambo ambayo hayakuwa yangu, na wazee wakanifumbia macho kwa huruma. Kila nikikumbuka, mikono inawasha.

Baada ya matanga wazee wa kijiji, banamhala kama tunavyowaita, wakamwita Mwalimu barazani. Nilikuwepo. Hawakumuuliza habari za Serikali, walijua amevaa kaki. Walimuuliza kitu kimoja.

"Mguu wa Doto uliujua au hukuujua?"

"Sikuujua."

Baraza zima likaguna. Mzee mmoja akasema, "Wewe? Wewe uliyewahi kutwambia ng'ombe aliyepotea ni mweusi kwa kutazama kwato?"

"Sikuujua."

"Basi miaka yote hii umetudanganya kwamba unajua nyayo."

Mtu yule sifa yake yote ilikuwa hapo, na wenzake walikuwa wanaivua mbele ya watoto.

"Tunakusaidia," mzee akasema. "Sema uliujua, ukaogopa Mzungu. Tutakuelewa. Toa ng'ombe mmoja, tule, yaishe. Uliujua?"

"Sikuujua."

Nilisimama nikapiga kelele kwamba ni mwongo. Wakanikalisha. Lakini hukumu ikatoka kama nilivyotaka: atengwe mpaka aseme kweli. Maana yake si ndogo. Hakuna wa kumsalimia wala wa kuitikia salamu yake. Hakuna wa kumsaidia kulima, wa kumchotea maji, wa kumpa moto. Kwetu moto ukizimika kwako unakwenda kwa jirani na kigae, anakuwekea makaa mawili, unarudi. Mtu asiyepewa makaa si mtu wa hapo. Mke wake alivumilia mwezi mmoja, wanawake kisimani wanamgeuzia mgongo, akafunga vitu vyake akarudi kwao.

Wengine walitenga kwa mdomo tu. Mimi nilitenga kwa moyo. Alinisalimia mara ngapi njiani! "Mwangaluka, ng'wana wane." Habari za asubuhi, mwanangu. Mwanangu! Nikapita kama napita kisiki.

Kambi ikiwepo alikuwa na kiberiti cha Bwana Nyama. Lakini masika yalipofika, kambi imefungwa, mvua imeloanisha kila kitu, moto wake ukazimika. Akaja kwetu. Kwetu, kati ya miji yote! Akasimama nje ya ua na kigae chake mkononi, maji yanamtoka kwenye kofia.

"Shija," akasema. "Sina moto siku ya tatu."

Nilichukua mtungi wa maji, nikaenda jikoni kwetu, nikaumwaga wote juu ya mafiga. Shiii! Moshi ukajaa mpaka nje. Shangazi akapiga yowe kwamba nimeingiwa na wazimu. Siku hiyo na sisi tulikula baridi. Nilifurahi. Sisemi nilikosea. Nasema nilifurahi, nikatazama anavyoondoka, anapapasa ua kwa fimbo yake kama mlevi, nikasema afadhali uanguke.

Doto alipotoka alikuwa amekonda, anakohoa, lakini anacheka. Nilidhani tutakwenda pamoja kuchoma nyumba ya yule mtu. Nilishatafuta hata nyasi kavu. Akaniambia, "Shija, mimi nilimuua swala. Au umesahau?"

"Na yeye alikuuza!"

"Aliniuza au hakuniuza, swala alikuwa chunguni."

Nilimkasirikia siku mbili. Mtu anapigania heshima yako, wewe unakaa unatetea mahakama! Lakini Doto ni Doto. Hakutaka kukaa tena kijijini, kila njia ilikuwa inampitisha karibu na mawe meupe. Tukaenda Geita, akaingia mgodini, nami nikamfuata. Na huko tukaziona familia zilezile, mwanzo wa kiangazi, zinapakia mahema kwenye lori. Siku moja dereva wa lori akaniambia, "Nyinyi si watu wa huko? Yule Mwalimu wenu wamemwachisha kazi. Ameongoza watoto wakatumbukia kwenye korongo. Hakuna aliyeumia, lakini amezeeka. Wamempa blanketi na barua ya kumsifu."

Barua ya kumsifu, yeye asiyejua kusoma. Nilicheka mpaka watu wakanitazama.

Kiangazi kilichopita tulipata likizo, tukaenda kusafisha kaburi la Mama Kulwa. Lori mpaka Shinyanga, jingine mpaka Mhunze, halafu miguu. Njia inapita kwa Mwalimu, hakuna nyingine. Nilimwambia Doto tupite porini. Akasema, "Nikikamatwa tena hifadhini utanizika wewe?" Nikafuata njia.

Nyumba ilikuwa imeinamia upande mmoja. Mwalimu amekaa mlangoni, amejifunika lile blanketi, anatafuna michembe mikavu, haijapikwa, anaigeuza mdomoni kama mtu anayelainisha ngozi. Nilikaza mwendo.

"Simameni," akasema. Hakuinua uso. "Wa mbele ana viatu, vinanichanganya. Wa nyuma ni Doto."

Doto akasimama. Nikarudi. Nikamsogelea yule mzee, nikapitisha mkono mbele ya macho yake, mara moja, mara mbili.

"Usinipepee, Shija. Upepo nausikia. Ungevua viatu ningekujua toka mlimani, unakanyaga kama unaipiga ardhi."

Sikuamini macho yangu, nikayatazama ya kwake. Yalikuwa na ukungu, meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Tangu lini?" Doto akauliza.

"Mwaka wa mama yenu nilikuwa naona mwanga na kivuli. Mwaka uliotangulia naona vitu vikubwa, mti, tembo. Nyayo ziliniacha kwanza."

Basi ndiyo ile mikono ya watoto. Ndiyo ile "mnaona nini?" Ndiyo mbwa, ndiyo bunduki. Mambo yote niliyomcheka yakapita mbele yangu kwa foleni, na kila moja likanizidishia hasira.

"Siku ile ulifuata nini?" nikamuuliza. Ndiyo, nilimsemesha. Niliuvunja mwiko kwa hasira, si kwa huruma. "Kama huoni, ulifuata nini mpaka kwetu?"

"Macho ya watoto. Nilimuuliza yule mdogo, vidole vingapi? Akasema tano. Nikasema basi ni mgeni, watu wa mbali hutega huku. Nikafuata mgeni. Mpaka nilipomsikia Doto anasema supu, Bwana."

"Wanasema tano kwa kila kitu! Uliwafundisha wimbo wewe mwenyewe, halafu ukaufanya ushahidi!"

"Najua."

"Ungesema barazani!"

"Ningesema barazani, kesho yake Bwana Nyama angejua. Mwalimu wa Nyayo kipofu." Akaacha kutafuna. "Nani angenishika mkono tena?"

"Mama yangu alikufa akimwita Doto!"

"Nilisikia kilio. Nilikaa hapahapa mpaka kikaisha. Ningekuja na uso gani?"

Nilitaka kumpiga. Nisije nikaonekana mtu mzuri, nilitaka kumpiga, ngumi ilishajifunga. Miaka minne nilikuwa na mwongo, sasa ananipa mwoga. Nimfanye nini mwoga?

Akainuka, akapapasa ukutani, akaingia ndani, tukamfuata. Jikoni kwake mafiga yalikuwa makavu, majivu ya zamani yameshikana na vumbi. Akatoa kitu darini, kimefungwa kwenye kitambaa cha kaki. Ule unga mweupe uliokauka. Mguu wa mtu, wa kushoto.

"Jioni ile nilikuwa nausafisha mezani kwa vidole," akasema. "Moja, mbili, tatu, nne. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikauficha kwenye shati. Chukua, ni wako."

Doto akaupokea. Akavua kandambili yake ya tairi, akauweka ule mguu mweupe chini, akaweka wake kando. Akaitazama yote miwili. Halafu, naapa, akacheka.

"Ulikuwa mnene enzi hizo. Shija, umeona? Nilifungwa na mtu asiyeona."

"Ulifungwa wewe," nikasema. "Mimi nilizika."

Hilo lilimfikia. Doto akayainamia yale mafiga makavu, akakusanya vijiti viwili vitatu na nyasi zilizodondoka paani. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Kiberiti."

Doto havuti sigara. Mimi navuta, na anajua kinakaa mfuko gani.

"Wazee bado wamemtenga," nikasema.

"Mguu ulikuwa wa nani, Shija?"

Nikampa. Nilimpa Doto. Doto akakifanyia nini, hilo ni shauri la Doto. Mimi nikatoka nje, nikasimama uani, na shikamoo yangu nikabaki nayo mdomoni. Nikasikia njiti ya kwanza inawaka, inazimika. Ya pili nayo ikazimika. Upepo wa kiangazi ulikuwa unaingia moja kwa moja mlangoni.

Nikasogea hatua mbili, nikauziba ule mlango kwa mgongo wangu. Doto asije akanimalizia njiti.